Mtu wa Kusini akitaka gari ya familia ya manyuali anaonekana mshamba. Nani aliamua? Nimechoka!

Wakuu, salaam. Niko Newala, naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kwanza. Atakayeumia avumilie, povu ruksa.

Gari ya familia yenye klachi imefutwa sokoni, na watu badala ya kulalamika wanashangilia. Nenda yadi yoyote Dar useme unataka gari ya watu watano, safi, ya manyuali. Dalali atakuangalia kama mtu aliyeulizia punda. Kisha anaanza: "Bosi, manyuali ni za kirikuu na Hiace. Wewe mtu mzima, chukua oto, hata mama ataendesha."

Hata mama ataendesha! Hiyo kauli ndiyo inanichoma kuliko zote. Mama yangu mdogo yuko Tandahimba. Msimu wa korosho anaendesha kirikuu iliyojaa magunia mpaka ghala la AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, kwenye njia za mchanga ambazo vijana wa mjini wanashuka kwanza kuzikagua, na gia anapanga huku anaongea. Kwa hiyo msiwafanye wanawake kisingizio cha kuuza mzigo mlionao.

Shemeji zangu nao wameingia kwenye mkumbo. Nilipotamka manyuali kwenye kikao cha familia nilichekwa mpaka chai ikapoa. Eti nataka kuwapandisha watoto daladala. Kwamba mimi ni mtu wa zamani. Wa zamani kivipi? General Motors walianza kutoa oto yao ya Hydra-Matic mwishoni mwa 1939, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Hii CVT, yaani oto isiyo na gia za kupanda, mnayoiona ni mambo ya leo, DAF wa Uholanzi walizindua gari ya mkanda na puli mwaka 1958. Tanganyika haijapata uhuru hapo. Sasa usasa uko wapi?

Tuje barabarani, maana wanaonicheka wengi wanaishi kwenye lami ya taa na foleni.

Wanaoijua Newala wanajua tuko juu ya uwanda wa Makonde. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu akachungulia chini anajua ardhi inavyokatika hapa. Kushuka kuelekea Masasi si mchezo, na wakati wa mvua ndiyo kabisa. Shuka na oto ikiwa kwenye D: ukitoa tu mguu kwenye mafuta gari inaona huna haja ya nguvu, inajipandishia gia, inajiachia. Kazi yote inabaki kwa breki. Ndani una watoto, nyuma una mizigo ya bibi, pedi zinaanza kunuka na pedali inakuwa laini. Kwenye manyuali unaingiza ya pili kabla mteremko haujaanza, injini yenyewe inaizuia gari, breki unagusa kwenye kona tu.

Najua kuna mtu tayari anaandika "oto nayo ina 2 na L". Ndiyo, inazo, ni za kuibakiza kwenye gia za chini. Ina na kitufe cha O/D cha kuizuia isipande gia ya juu kabisa, na baadhi ya CVT zina B ya mteremko. Aliyekuuzia alikuonyesha? Kwenye vyuo vya udereva tulivyopita sisi tulifundishwa kwa manyuali, halafu tukaenda kununua kitu ambacho hatukufundishwa, kwa mtu ambaye anajua kuelekeza redio na kiyoyozi tu. Matokeo yake nawaona watu wanashuka na D kutoka juu mpaka chini, moshi unatoka magurudumuni. Wengine wanaweka N kabisa, yaani fri, eti wanabana mafuta. Gari ya EFI, yaani ya injekta zinazoongozwa na kompyuta, ikishuka ndani ya gia na mguu uko nje, injekta zinafunga. Ukiweka N injini inaendelea kunywa ili isizime. Kwa hiyo mafuta huokoi, na breki unaimaliza.

Betri ikikufia Mangaka saa moja usiku, manyuali unatafuta vijana wanne, unaweka ya pili, wanasukuma, unaachia klachi, imewaka, unawapa ya soda. Oto sukuma mpaka Tunduru. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, na bila injini hakuna presha ya kushika gia, basi. Sitaki kubishana kwenye hili, ndivyo ilivyotengenezwa.

Na kuvutwa je? Huku kwetu bredauni ni hadithi. Kinachokuokoa ni Fuso iliyotoka kushusha korosho na kamba ya katani. Gari ya oto inayovuta kwa magurudumu ya mbele ukiiburuza hivyo huku magurudumu hayohayo yako chini, unazungusha vyuma ndani ya giaboksi bila oili kuzunguka. Unafika gereji na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza. Manyuali unaweka fri, unavutwa, unafika.

Sasa oili. Hapa ndipo ninapotaka kupasua meza.

Gari iliyopo nyumbani kwetu ni CVT. Kampuni iliyoiunda siitaji, na gereji nitakayoisimulia pia siitaji kwa sababu mji wetu mdogo na sitaki kesi. Gari ilipelekwa sevisi ya kawaida. Fundi akashauri oili ya giaboksi ibadilishwe, ushauri mzuri tu. Nikamwambia hii ni CVT, ina oili yake. Akacheka. "Bosi, haidroliki ni haidroliki, zote nyekundu." Nikasisitiza, akasema anayo sahihi. Nikaondoka nikiamini nimeeleweka, kumbe wakamimina ileile ya kwenye dumu kubwa wanayowawekea wote.

Wasiojua waelewe tofauti. Oto ya kawaida ina gia na pleti zinazoshika na kuachia kwa presha ya oili. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na puli zinabana na kupanuka. Chuma kwa chuma. Oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza na bila kujikwangua. Ndiyo maana Nissan wana NS-2 na NS-3 zao, Toyota wana CVT Fluid TC na FE, na zote hizo si sawa na T-IV au WS za oto za gia. Imeandikwa kwenye kitabu cha gari, ila kitabu chenyewe ni cha Kijapani na kimekaa kwenye droo ya dashibodi hakijafunguliwa tangu bandarini.

Haikuchukua muda. Gari ikaanza kutetemeka ikiondoka, halafu mlio kama wa kuvumavuma, halafu kwenye kupanda mshale wa injini unapaa na spidi imelala palepale. Nikarudi gereji. Unajua niliambiwa nini? "Hizi gari ndivyo zilivyo bosi, hazina maisha." Mtu ameiua mwenyewe halafu ananisimulia tabia zake!

Tiba ikawa moja tu: giaboksi ya mtumba kutoka Dar. Zaidi ya milioni 1, inakuja kwenye buti ya basi imefungwa na kiroba, risiti hakuna, garantii ni maneno ya simu. Oili sahihi nimezunguka maduka ya spea hapa na Masasi nimeikosa, nayo nikaagiza. Gesi ya Mtwara ilijengewa bomba, na tangu 2015 inafika Dar mamia ya kilomita bila kukosea njia. Kopo la lita 4 la oili kurudi huku ndiyo limeshindikana. Na barabara yenyewe ni moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika upande wa Somanga. Uliza waliokuwa wanasubiri spea wakati ule.

Linganisha na klachi. Nayo inaisha, sibishi, hasa kwa wale wanaopumzisha mguu juu ya pedali kama wako kibarazani. Ila ikiisha unanunua pleti, presha na beringi yake, vitu ambavyo muuza spea wa Masasi anavyo kwenye shelfu, na fundi wa chini ya mkorosho anaishusha giaboksi asubuhi, jioni unaondoka. Ameshafungua mia za kirikuu. Hahitaji kompyuta, hahitaji kumpigia mtu Dar.

Kwa nini basi hatuuziwi? Kwa sababu tunakula mabaki ya sahani ya Mjapani. Japani tangu 1991 kuna leseni ya oto pekee, familia za kule zikaachana na klachi, na viwanda vikafuata. Sisi tunaosubiri gari zao za mtumba tukafuatishwa bila kuulizwa. Angalia IST ambayo kila mwenye hela ya korosho anaikimbilia ikifika Desemba. Ya kwanza ya 2002 ilikuja na oto ya gia 4 tu, hakuna klachi. Nakiri hiyo oto ni ngumu, inavumilia. Ya 2007 nyingi ni CVT. Muuzaji anaziita zote IST na kukupamba na rangi. Probox ya klachi ilitoka mpaka 2014, baada ya hapo ikawa CVT. Yaani hata gari ya mizigo!

Na usiniambie haiwezekani kutengeneza. India, wanaoendesha upande uleule wetu, Suzuki Ertiga ya safu tatu za viti wanaitoa na klachi ya gia 5. Uingereza baba wa familia kuendesha manyuali halikuwa jambo la kuitisha kikao cha ukoo, na ukifanya mtihani kwa oto leseni yako inaishia kwenye oto. Sijawahi kusikia wakiitwa washamba.

Yadi zenyewe zina dhambi ya pili. "Giaboksi yake haibadilishwi oili, ni ya maisha." Maisha ya nani? Hiyo ya maisha ni maneno ya mtengenezaji kwa mnunuzi wa kwanza, barabara laini, sevisi kwa wakati. Gari inatufikia imeshatembea kilomita 100,000 na ushee, kama hiyo namba ya dashibodi haikurudishwa nyuma, halafu tunaiingiza kwenye mchanga wa Nanyamba na tope la Liwale, injini inanguruma gari haiendi, oili inachemka. Anayetamka "ya maisha" hapo anajua kabisa hutamwona tena.

NYONGEZA (nimesoma majibu mpaka sasa):

Mkuu uliyesema tatizo si oto, tatizo ni fundi wangu: sawa, fundi ana kosa, nimeshasema. Ila fundi huyohuyo kwenye manyuali asingeweza kuniharibia kwa kopo moja. Mimi naishi na mafundi waliopo, siishi na mafundi wa kwenye video.

Uliyesema njoo Dar uone Mbagala saa kumi na mbili jioni na klachi yako: nimekubali kabisa, huko mguu wa kushoto unakufa. Ningekaa Mbagala ningenunua oto na nisingefungua uzi. Siko Mbagala. Huku foleni ni ng'ombe na mnada wa korosho.

Dada wa Lindi mjini uliyeandika kwamba una goti bovu na oto ndiyo imekurudishia uhuru wa kwenda Mingoyo na kurudi: sina ugomvi na wewe hata kidogo. Wewe umechagua. Mimi ninachodai ni hicho hicho, kuchagua. Ila tafadhali, kabla ya sevisi ijayo piga picha kopo la oili kabla hawajalifungua, na usiondoke gereji mpaka uone limemiminwa hilo.

Na wewe uliyeniambia ninunue Land Cruiser mkonga kama napenda klachi: nilipie.

Kwa sasa natafuta Axio au Fielder ya manyuali. Zilitengenezwa, najua ziko nchini, na wenye nazo wamezificha. Injini 1.5, rangi yoyote, hata kama kiyoyozi kimekufa. Niko tayari kuifuata Mtwara, Lindi, Nachingwea, mpaka Songea nafika. Mwenye nayo aje inbox na picha ya gia, siyo picha ya rimu. Dalali mwenye IST ya "mdada alikuwa anaendea kanisani tu" asihangaike, nitamblok.