Kwa nini umeme wa upepo wa Loiyangalani hupunguzwa usiku?

Mkazi wa Marsabit:
Wenzangu, naomba ufafanuzi. Shamba la upepo la Loiyangalani lina vinu 365 vyenye uwezo wa takribani megawati 310, na upepo wa huku huvuma kwa nguvu zaidi usiku. Hata hivyo, usiku wa manane vinu hivyo huamriwa mara kwa mara kupunguza uzalishaji, ilhali jioni Kenya huwasha mitambo ya mafuta na kununua umeme wa Ethiopia. Ikiwa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, haiwezi kupokea upepo tulio nao, tutaongezaje mwingine?

Mvuke:
Kilele cha mahitaji ya jioni kimekwisha kupita megawati 2,000, lakini usiku wa manane viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Saa hizo mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, inayoendeshwa na mvuke wa ardhini, ingali inazalisha, kwa kuwa kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la maji, na mvuke usiotumika huachiwa hewani. Kupunguza upepo ni kazi nyepesi, kwani hutosha kugeuza mapanga ya kinu. Ugumu uko kwenye mkataba wa kununua umeme huo wa upepo, ambao unamtaka mnunuzi alipie hata umeme aliokataa kuuchukua.

Fundi wa Gridi:
Nakubaliana na Mvuke, ila suala si mkataba peke yake. Gridi hutakiwa wakati wote kubaki karibu na hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na upepo ukizimika ghafla ni lazima kitu kingine kizibe pengo mara moja. Kwetu kazi hiyo hufanywa hasa na mabwawa ya Mto Tana, kama Gitaru na Kamburu, ambayo ukame ukiingia huwa hayana maji ya kuchezea. Isitoshe, umeme wote wa Loiyangalani hupita kwenye njia moja ya kilovolti 400, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa. Njia hiyo ikikatika, megawati zote hutoweka kwa pamoja. Tena ilikamilika mwaka 2018, vinu vikiwa vimesimama bila kazi tangu mwaka uliotangulia. Kabla ya kinu kingine chochote, mimi ningejenga njia ya pili na betri kubwa karibu na Nairobi.

Mkazi wa Marsabit:
Je, jirani zetu hawawezi kuuchukua upepo huo wa usiku?

Fundi wa Gridi:
Wanaweza, na hapo ndipo ninapoona tumaini kubwa kuliko kwenye betri. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida imeiunganisha gridi yetu na ya Tanzania, nchi yenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Usiku Tanzania ingeweza kutumia upepo wetu na kuyazuia maji yake bwawani, kisha jioni ikaturudishia umeme. Nao wana ziada yao usiku, kwa hiyo bei italazimika kuwa ya chini kweli kweli; lakini kwa umeme ambao Kenya inaulipia hata usipozalishwa, shilingi yoyote itakayopatikana ni faida.