Wasifu wa Baba: mazungumzo ya kikundi cha familia

Kifungua Mimba: Shikamooni wazazi wetu, na salamu kwenu nyote. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu Baba utakaosomwa siku ya mazishi. Kurasa mbili zimekwisha kuandikwa, ya kwanza inahusu jeshi la wanamaji na ya pili inahusu familia, lakini kila nikizisoma naona kana kwamba nimeandika habari za watu wawili wasiojuana. Naomba mwenye kumbukumbu aiweke hapa, nisije nikampunguzia au nikamwongezea.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Hasa usimwongezee. Kaka yangu hakupigana vita vyovyote, na alikuwa akichukia mtu akimwita shujaa mbele ya wageni. Alikuwa mlinzi wa zamu na baadaye mshika usukani, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu.

Rafiki wa Baba: Poleni sana wanangu, na pole zaidi wewe Shemeji. Shangazi yenu amesema kweli, ila niruhusuni nieleze zamu ni kitu gani, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa. Siku ya baharini hugawanywa kwa zamu za saa nne nne, isipokuwa ile ya kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, ambayo hukatwa vipande viwili ili zamu ziwe saba badala ya sita, na hivyo mtu yule yule asiangukiwe na usiku wa manane kila siku. Zamu ngumu kuliko zote ni ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Baba yenu alikuwa akifika kabla ya wakati wake, akasimama kimya pembeni, kwa sababu macho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe ukiyapiga hata kidogo yanaanza upya. Ndiyo maana usiku vyombo vya kwenye chumba cha usukani humulikwa kwa taa nyekundu.

Kitinda Mimba: Baba Mdogo, umenifumbua macho. Mnaikumbuka ile tochi aliyoifunika kwa karatasi ya nailoni nyekundu na kuifunga kwa mpira? Miaka yote nilidhani kioo chake kilikuwa kimevunjika. Aliingia nayo chumbani kwetu usiku, akatugusa paji la uso mmoja baada ya mwingine kwa mgongo wa kiganja, akahakikisha dirisha limefungwa, akatoka, na hakuna aliyeamka.

Mjukuu: Shikamooni. Madaftari ya Babu ninayo mimi, nimeyatoa kabatini leo. Naomba ruhusa ya Bibi kunakili ukurasa mmoja, wa usiku mama yangu alipokuwa mdogo na anaumwa: «0200. Homa 39.1. Amekunywa maji nusu kikombe. 0400. Homa 38.6. Amelala. Mama yake nimemwambia apumzike, amekataa. 0600. Homa 37.9. Ameomba uji.» Penye 38.6 aliandika kwanza 38.4, akaikata kwa mstari mmoja na kutia saini ndogo pembeni, ingawa hakuna mtu ambaye angeikagua.

Rafiki wa Baba: Hivyo ndivyo kitabu cha zamu kinavyoandikwa. Kosa halifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo libaki likisomeka, na aliyekata hutia saini.

Shangazi: Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Liandike hilo, mwanangu, kwani popote alipokwenda nyumbani ndipo alipokuwa akirudi.

Mama: Wifi yangu, msemo huo ni mtamu kwa anayesafiri. Niliyebaki ni mimi. Wanangu, msiandike kwamba hakuwahi kukasirika, maana alikasirika, na akinuna aliweza kununa siku tatu. Tena msiiruke miaka ambayo hakuwapo. Kifungua Mimba alijifunza kutembea baba yake akiwa safarini, na aliporudi na kumnyoshea mikono, mtoto alikimbilia nyuma ya gauni langu akalia. Hakusema neno. Siku iliyofuata alinunua daftari la kwanza. Mimi ndiye niliyeliandika wakati wote alipokuwa baharini, kwa saa na tarehe kama alivyonielekeza, na kila aliporudi alikaa akalisoma lote kabla hata ya kufungua begi lake. Alipostaafu akanipokea kalamu.

Kifungua Mimba: Mama, jambo hilo sikuwahi kulijua. Basi naanza kuandika upya, na nitaanzia kwenye daftari, kwani humo ndimo mwanamaji na mzazi walimokuwa mtu mmoja. Nishani zake nitazitaja kwa sentensi moja.

Rafiki wa Baba: Nina ombi moja. Melini kengele hupigwa kila nusu saa, zamu inapotimiza saa nne hufikia nane, na aliyekuwa kazini huondoka. Kwetu, mwenzetu akifariki husemwa kwamba kengele nane zimepigwa. Kama Shemeji ataridhia, wenzake watakaohudhuria watafurahi kulisikia hilo.

Mama: Nimeridhia, Shemeji, lakini ulisome wewe mwenyewe, mjukuu wangu asibebeshwe. Yeye atasoma ule ukurasa wa homa.

Mjukuu: Nitausoma, Bibi. Je, nizisome saa kama alivyoziandika, au nizigeuze kuwa saa nane na saa kumi usiku?

Mama: Zigeuze, watu wamwelewe. Nawe Kifungua Mimba, usizidishe kurasa mbili. Marehemu alikuwa akiitazama saa yake waziwazi kila hotuba ilipovuka robo saa, na mara mbili nilimfinya paja mbele za watu kwa ajili hiyo.