Nimeumia kiuno wiki ya pili kazini baada ya miaka ya kukaa bila ajira. Niripoti au ninyamaze?

MwalimuWaKigogo:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kufanya kazi za kubeba mizigo, na kwa yeyote anayejua sheria za kazi.

Kwa kusomea mimi ni mwalimu, Kiswahili na Historia, nimemaliza chuo 2016. Ajira za serikali nimeomba kila dirisha lilipofunguliwa. Nimefundisha tuisheni, nikashikizwa shule binafsi muhula mmoja, wanafunzi wakapungua, wakatupunguza. Tangu hapo ni kukaa. Kodi ya chumba inatoka kwenye vitumbua vya mke wangu. Ukifika hatua hiyo unajikuta unaamka alfajiri na kutoka nyumbani hata kama huna pa kwenda, ili watoto wasikukute umekaa.

Juzijuzi jirani akanipeleka kwenye godauni moja barabara ya Nyerere. Anayeajiri si mwenye godauni, ni wakala anayepeleka watu. Nikapigwa picha, nikapewa kitambulisho, jina likaandikwa kwenye daftari. Mkataba wa mdomo: miezi mitatu ya majaribio, malipo kila Jumamosi kwa hesabu ya makontena. Siku nilipopeleka nyumbani ujira wa kwanza, mke wangu alinunua samaki na hakusema neno, aliweka tu kipande kikubwa kwenye sahani yangu.

Kazi yenyewe ni kushusha. Kontena la futi 20 likija na mchele linakuwa na tani kama 25, mifuko ya kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 500 hivi, na genge letu ni watu sita. Mmoja yuko juu ndani ya kontena anakuwekea mfuko begani, wewe unashuka kwa ubao mpaka ndani, unapanda lundo, unamwaga, unarudi mbio. Ubao unanesa. Ndani ya kontena saa saba mchana bati linachoma, jasho linaingia machoni na mikono yote miwili imeshika mfuko, huwezi kujifuta. Wenzangu wana miaka kwenye hiyo kazi, wanapishana nayo kama hawaoni uzito. Mimi nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kunyanyua kitu kizito kuliko ndoo ya maji.

Wiki ya pili, nikiwa nageuka juu ya lundo kumwaga mfuko, nikasikia kitu kimeachia kiunoni upande wa kushoto. Maumivu yakashuka kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka ukingo wa mguu. Nilikaa chini palepale. Wenzangu wawili waliona, mmoja akanivuta pembeni. Msimamizi akaniambia, "Nenda kapumzike, ukipona rudi. Ila getini unaona watu walivyojaa." Hakuandika popote.

Nimeenda duka la dawa nikachomwa sindano ya diklofenaki, nikapewa na vidonge. Siku mbili nikapata nafuu, nikarudi kazini, kontena la kwanza tu mguu ukaanza ganzi, hasa kidole kidogo. Nyumbani nimesema ni uchovu. Asubuhi siwezi kuinama kuvaa viatu, mwanangu wa kwanza ananifunga kamba.

Ninachouliza: nikiripoti kwamba nimeumia, kazi nimeipoteza. Nisiporipoti, naogopa mgongo. Je, kibarua wa mdomo wa wiki mbili ana haki yoyote? Na huu mwili utazoea au ndiyo basi? Nimeisubiri kazi miaka mingi, sitaki kuiachia kirahisi.

---

KuliMstaafuTandale:

Pole sana mwalimu. Mimi nimebeba nafaka Tandale tangu kijana, nimeacha kwa sababu ya magoti. Zama zetu gunia la mahindi lilikuwa kilo mia, na lumbesa lilikuwa linazidi hapo, hakuna wa kukuuliza. Kwa hiyo ninachokwambia nimekiona kwa macho.

Kwanza, usirudi kwenye ubao na huo mguu wa ganzi. Ganzi ni jambo tofauti na uchovu. Uchovu wa mgeni unakuwa mabegani, shingoni, kwenye mapaja yote mawili, na ukilala usiku mbili tatu unapungua. Maumivu yanayoshuka mguu mmoja mpaka kidoleni, hayo nimeona watu wanayafunika kwa sindano, wanaendelea, halafu siku moja mguu unakosa nguvu katikati ya ubao na mfuko uko begani. Hapo anaanguka yeye na anayemfuata.

Pili, hilo genge lenu limekutendea vibaya, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimekuwa kiongozi wa genge. Mgeni hawekwi kwenye lundo wiki za mwanzo. Anawekwa kufagia, kukusanya mifuko iliyopasuka, kusaidia kupokea mlangoni pasipo na kupanda. Baadaye anabeba nusu zamu. Lundo ndipo pagumu kuliko pote maana unapanda, unageuka na unamwaga kwa wakati mmoja, na ni kugeuka ukiwa na mzigo kunakoumiza viuno. Malipo yakiwa kwa kontena kila mtu anataka kasi, mgeni anasukumwa aende mwendo wa wenyeji.

Wale wawili walioona, kachukue namba zao leo. Wakihamishiwa godauni jingine hutawapata.

---

DadaFizio:

Kaka, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya wilaya. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini unavyoeleza (tako, nyuma ya paja, ukingo wa mguu, kidole kidogo) ndiyo njia ya mshipa wa fahamu unaotokea pingili za mwisho kabisa za kiuno. Mara nyingi diski iliyo kati ya pingili imesukumwa nje kidogo na inaugusa huo mshipa.

Naomba usome hapa taratibu. Ukipata ganzi sehemu za siri au sehemu unayokalia, au mkojo ukagoma kutoka, au ukakutoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, usingoje asubuhi. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Hiyo ni dharura ya upasuaji na saa zinahesabika.

Kama hayo hayapo, nina habari njema. Wengi wenye tatizo hili wanapona bila kisu, ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi michache. Usilale kitandani mchana kutwa. Tembea kidogokidogo mara nyingi, badilisha mkao, epuka kuinama na kujipinda kwa pamoja. Wagonjwa wangu wanaolala wiki nzima "kupumzisha mgongo" wanarudi wamekakamaa zaidi.

Sindano za duka la dawa acha. Diklofenaki inaondoa maumivu, haiondoi kilichoumia, ndiyo maana ulirudi ukabeba. Halafu mtu anayetoka jasho saa nyingi juani, anakunywa maji kidogo, akichanganya na hizo dawa kwa muda mrefu anaziumiza figo na tumbo. Naliona hili kwa vijana wa mizigo na bodaboda, na linaniuma kwa sababu linazuilika.

Umeuliza kama mwili utazoea. Utazoea, lakini kwa ngazi. Mtu aliyekaa muda mrefu misuli yake inarudi ndani ya wiki kadhaa, ila kano na mishipa inayoshika mifupa inachelewa nyuma ya misuli. Ndiyo sababu watu wanaumia wakati wanajiona wameanza kuwa na nguvu. Na mfuko wa kilo 50 si mzigo mdogo hata kwa mzima: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 linasema mzigo wa mwanaume mmoja ukizidi kilo 55 hatua zichukuliwe kuupunguza. Wewe ulikuwa karibu kabisa na hapo, mara makumi kwa makumi, siku nzima.

Nenda kituo cha afya, mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia KAZINI, tarehe gani, ukifanya nini, na hakikisha ameandika hivyo. Eksirei haionyeshi diski, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi usiamini kwamba huumwi.

---

RasilimaliWatu_Dar:

Mkuu pole. Nimefanya kazi za rasilimali watu kwa muda, nakujibu upande wa sheria kwa Tanzania Bara.

Una haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haibagui mkataba wa mdomo na wa maandishi, wala anayelipwa kwa siku na anayelipwa kwa kazi aliyoifanya. Chini yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango 2015. Anayechanga ni mwajiri peke yake, na haruhusiwi kukukata wewe hata shilingi. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri ana makosa. Unahitaji kuonyesha kwamba ulikuwa kazini na uliumia kutokana na kazi.

Mfuko unagharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya ujira wako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna hesabu yake nyingine.

Muda sasa. Wewe unamjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, yeye anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7. Madai yanapelekwa ndani ya miezi 12. Kwa hiyo "kapumzike ukipona urudi" si taarifa, na kila siku unayonyamaza inampa nafasi ya kusema uliumia nyumbani.

Mwajiri wako hapa ni aliyekuandika na anayekulipa, yaani wakala. Andika barua fupi: jina, tarehe, saa, godauni, ulichokuwa unafanya, walioona. Nakala mbili, moja ibaki kwako imesainiwa imepokelewa. Piga picha kitambulisho, na ile daftari kama unaweza, pamoja na ujumbe wa simu wa malipo yote uliyopokea.

Sitakudanganya kuhusu kazi. Mwenye chini ya miezi sita kazini ana kinga ndogo sana ya kuachishwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Wakala anaweza asikuite tena. Lakini haki ya fidia haiishi kwa sababu umeachishwa. Unaijenga kwa siku uliyoumia.

---

MamaChanika:

Kaka yangu, mimi sijui sheria. Mume wangu alibeba saruji. Alinificha hivyohivyo, "uchovu tu," mpaka nikamkuta chooni ameshindwa kuinuka. Nilichokasirikia hakikuwa kuumwa, ni zile wiki nilizokuwa namtuma ndoo za maji bila kujua. Mkeo anaona viatu vinafungwa na mtoto. Mwambie usiku huu. Anayekaanga vitumbua alfajiri ana nguvu ya kusikia.

---

MwalimuWaKigogo:

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimesoma yote mara mbili.

Nimemwambia mke wangu. Alilia, kisha akachukua kalamu akaniandikia barua mwenyewe kwa sababu kukaa kunaniuma. Asubuhi tukaenda kituo cha afya pamoja. Daktari amenipima mguu, ameandika nimeumia kazini, amenipa ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya siku 14 na rufaa ya fizio. Dalili za hatari alizotaja DadaFizio sina, nimeulizwa moja moja. Wenzangu wawili wamekubali majina yao yaandikwe, na mmoja amenitumia picha aliyopiga siku ile nikiwa nimekaa kwenye mifuko.

Tatizo: msimamizi amepokea barua ila amekataa kusaini nakala yangu. Anasema yeye si ofisi.

---

RasilimaliWatu_Dar:

Hilo lisikuzuie. Ipige picha barua pamoja na cheti cha daktari, mtumie msimamizi na wakala kwa WhatsApp, na uandike kwenye ujumbe: "Nimekabidhi nakala ya karatasi leo saa fulani, mbele ya fulani." Usifute mazungumzo. Kisha wewe mwenyewe nenda ofisi ya WCF na nakala zote, uwaambie mwajiri amekataa kusaini. Wakikuuliza jina la wakala, litaje kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama mnavyomwita mtaani.

---

KuliMstaafuTandale:

Na ukimaliza matibabu, mwalimu, usiombe kurudi kwenye ubao. Omba daftari la mlangoni, kuhesabu mifuko inayoingia na kutoka. Magodauni mengi yanagombana kila Jumamosi kwa sababu hesabu haijulikani. Nipe namba yako kwenye ujumbe binafsi, kuna mtu namfahamu Buguruni anatafuta karani.