Inveta isiyo na transfoma inagoma asubuhi yenye umande

FundiMuheza: Salaam wakuu. Nimefunga inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli za sola uwe kama wa laini ya gridi) ya 5 kW isiyo na transfoma, fezi tatu, kwa mwenye mashine ya kusaga hapa Muheza. Paneli 12 juu ya bati, zimeungwa mfululizo kwa mstari mmoja. Kukiwa na umande inagoma kuunga na laini, inaandika hitilafu ya insulesheni (kinga ya waya isivuje umeme). Bati likikauka, kama saa tatu, inawaka yenyewe. Ile ya zamani, nzito yenye transfoma, haikusumbua kwenye paneli hizi hizi. Mwenzangu kasema nikate ethi ya fremu (waya wa kwenda ardhini). Nifanyeje?

PwaniSola: Rudisha, chukua ya kampuni nyingine.

MzeeWaWaya: Ndugu yangu, ethi usiiguse, nakuomba. Nimeshamwona kijana akiporomoka kutoka kwenye bati lenye umeme.

Transfoma ilitenganisha paneli na laini, kwa hiyo umeme uliovuja haukuwa na njia ya kurudi. Bila transfoma njia ipo, kupitia ethi. Ndiyo maana inveta hii hupima insulesheni kabla ya kuunga. Ikishaunga, mvujo ukizidi 300 mA (milliampia) inakata. Mvujo ukiruka ghafla kwa 30 mA inakata pia.

Utasema labda ni umande wenyewe: ni kweli paneli na fremu yake hufanya kapasita (hubeba chaji kati yao), na maji huikuza. Lakini huo mvujo huja swichi za inveta zikishaanza kazi, na inveta za ngazi tatu (hutoa volti kwa hatua tatu) ambazo netro imefungwa katikati ya kapasita zake huutuliza vizuri. Yako inagoma kabla haijaanza. Tafuta waya uliochunika, umande unauunganisha na bati.

Kesho wahi umande. Zima upande wa laini, zima upande wa paneli, chomoa nyaya zote mbili, vaa glavu. Pima chanya na hasi, kisha kila mmoja na ethi.

FundiMuheza: Saa moja na nusu: chanya na hasi volti 456. Hasi na ethi 152, chanya na ethi 304. Zimetulia.

MzeeWaWaya: 456 kwa paneli 12 ni 38 kila moja. Volti za hasi na ethi zinahesabu paneli kutoka hasi hadi pale waya unapovuja: 152 ni paneli nne. Angalia kati ya paneli ya nne na ya tano, ukihesabu kutoka hasi.

FundiMuheza: Mzee wangu, ni hapo hapo! Waya ulilala kwenye bonde la bati, ukingo wa klampu umeuchuna pa upana wa ukucha, shaba imeota kijani. Nimeweka mpya, nimeufunga juu kwenye reli. Leo imeunga saa moja kasoro, bati bado linachuruzika maji. Ethi iko palepale.