Mizizi ya maneno ya Kiingereza munaipata wapi?

mtoto_wa_wete: Asalaam alaykum wajuzi. Niko fomu foo huku Pemba, maneno ya Kiingereza nayakariri usiku nikiamka nusu yameshakimbia. Jana mwenzangu kaniambia transport, import na export ni ndugu wa tumbo moja, nikashangaa maana mimi nimeyakariri kila moja kivyake kama hayajuani. Sasa mzizi mtu anaujuaje na hao ndugu anawatafuta wapi?

chuoni_mpaka_skuli: Waalaykum salaam. Wewe chuo cha Kurani si umesoma? Basi kumbuka kataba yaktubu, Kiarabu cha kuandika, humo tumepata kitabu, katibu, maktaba, katiba, zote zinanuka wino. Kiingereza ndo hivyo hivyo ila wao mizizi mingi wameitoa Kilatini na vipande wanavipachika mbele na nyuma. Port hapo ni kubeba: trans ng'ambo, im ndani, ex nje. Porter ni hamali, portable kitu cha kubebeka. Lakini port ya bandari usiitie humo, Kilatini chake ni neno jengine, portus.

binti_darajani: Na ukitaka mwenziwe kataba kwa Kiingereza basi ni script/scribe, kuandika. Prescription ile karatasi ya dokta, manuscript maana yake imeandikwa kwa mkono, describe, subscribe, wote hao. Mie naingia etymonline, tovuti ya bure, unatia neno unaambiwa lilikotoka, halafu naandika familia nzima ukurasa mmoja wa daftari sio kila neno mstari wake.

babu_wa_forodhani: Tahadhari tu vijana, sura zisikudanganyeni. Sie watu wa visiwani tutizame kwetu: isle inatoka Kilatini insula, ndo hiyo hiyo ya peninsula, yaani kinakaribia kuwa kisiwa. Island si nduguye hata kidogo, ni Kiingereza cha zamani iegland, halikuwa na s kabisa, miaka ya 1500 huko wasomi wakaipachika wakidhani ni jamaa na isle. Ndo mana mwalimu anakugombeza ukiitamka hiyo s. Kwa hiyo kamusi kwanza, udugu baadae.

mtoto_wa_wete: Khaa! Sasa report nayo imo kwenye kubeba au na yenyewe sura tu?

chuoni_mpaka_skuli: Imo. Re ni kurudi, unabeba habari unairudisha kwa aliyekutuma. Haya support katafute mwenyewe.