Wanamichezo mliosoma huku mkipiga vibarua na kufundisha watoto, tupeane uzoefu

Mtoa mada
Wakuu, habari zenu. Nakimbia mita 400 na kupokezana vijiti, niko chuo. Likizo zangu zinaishia kwenye vibarua: kufunga maturubai ya harusi, kumwaga zege, na sasa nanoa watoto wa shule ya msingi wanaojiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Hawa watoto wamenipa vitu ambavyo sikuvipata mazoezini kwangu.

Chukueni kijiti. Mwili wangu ulishakizoea, sikuwahi kukiwaza. Siku moja binti wa darasa la tano akaniuliza, "Mwalimu, najuaje muda wa kuondoka?" Ikabidi nilipasue jambo lenyewe vipande vipande. Tukapima kwa kamba eneo la kupokezana, ambalo kwenye 4x100 siku hizi ni mita 30. Tukahesabu nyayo kurudi nyuma kutoka anaposimama mpokeaji, tukamwaga majivu kuweka alama. Anayekuja akikanyaga majivu, wewe ondoka kwa nguvu zote, usigeuke. Ukisikia "shika!", toa mkono nyuma, kiganja wazi, utulie. Tangu nianze kulisema hilo kwa maneno, hata kupokea kwangu chuoni kumetulia.

Kwenu ikoje? Dada zetu pia, tunawasubiri.

Golikipa, Dodoma
Kwangu ni sensa ya 2022, nilipata ukarani. Unabisha hodi kaya kwa kaya na kishikwambi mkononi, unauliza nani walilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Mzee mmoja akagoma kabisa. Nikakaa mkekani, nikamsikiliza habari za ng'ombe wake weee, mwishowe akanitajia kaya nzima mpaka kichanga. Sisi makipa tumezoea kuwafokea mabeki. Siku hizi nikifundisha vijana, beki akipoteza nafasi namwita kwa jina, namweleza taratibu. Anarudi mahali pake haraka kuliko nilivyokuwa nikimpigia kelele.

Mdada wa netiboli, Tanga
Mimi nina wasichana wadogo, tunacheza jioni wakitoka madrasa. Sheria ya kutokaa na mpira zaidi ya sekunde tatu ilikuwa inawatia kiwewe, mpira ukifika mkononi wanaurusha popote. Nikaweka filimbi mfukoni, nikawaambia wote wahesabu kwa sauti kila mwenzao anaposhika mpira. Wakaona wenyewe kwamba muda upo, wakaanza kuinua vichwa na kutafuta mwenzao aliye wazi.

Ila kikubwa zaidi kwangu ni usalama. Nina daftari la majina ya wazazi na nani anaruhusiwa kumchukua nani. Akija "mjomba" nisiyemjua, mtoto haondoki mpaka nimpigie mama yake. Nilipokuwa mchezaji tu sikulijua jukumu hilo, na naomba kila anayefundisha watoto alichukulie kwa uzito.

Wa mbio ndefu, Eldoret
Huku kwetu ni mjengo. Likizo ya Agosti nilibeba kokoto mchana, jioni mazoezi, miguu ikakataa. Fomeni, mzee ambaye hajawahi kushindana popote, akanipangia: siku ya zege nenda ukalale, siku ya kusogeza mbao nenda ukakimbie. Muhula huo nilirudi shule nikiwa na nguvu.

Na mjue Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na historia ya riadha. Alijifunza ukocha akiwatazama wanafunzi wakikimbia. David Rudisha alipita mikononi mwake, na London 2012 akamaliza mita 800 kwa 1:40.91. Kwa hiyo mtoa mada, hao watoto wako watazame sana.

Winga, Morogoro
Msisahau hela, jamani. Kituo kimoja kilinizungusha na posho yangu mpaka chuo kikafunguliwa. Sasa hivi kabla ya mazoezi ya kwanza tunaandikishana: siku zipi, saa ngapi, posho kiasi gani na inalipwa lini, nauli ya nani, na mtoto akiumia nani anabeba gharama za zahanati.

Mtoa mada
Winga, hilo la zahanati ni zito, na pale shuleni hatujalizungumza. Jumatatu namfuata mwalimu wa michezo. Tuwekee hapa hayo maandishi yenu, futa majina na kiasi cha pesa, tuone yamekaaje.