Naomba ushauri: matawi ya miiba kambini tukate au tuache?

Wakuu, habari za leo.

Kila Desemba vijana wa kwaya yetu tunapiga kambi kwenye eneo la umma ndani ya msitu wa hifadhi, huku Kondoa. Wanaotutangulia huja na mapanga: tawi la mgunga likigusa turubai, chini, kichaka kikiziba njia, chini. Juzi nimepita kuangalia eneo, nikakuta tawi nene limekatwa nusu, likachanika na kuondoka na gome hadi karibu na pale shina linapoingia ardhini. Mti huohuo ndio wenye kivuli saa nane mchana, na jua la Dodoma mnalijua.

Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kukata miti hifadhini bila kibali. Tena Kondoa ndiyo ile ya makorongo, mifugo ikaondolewa 1979 ili ardhi ipone. Lakini miiba nayo inatoboa mahema, na mwenyekiti wetu anadai vitawi havihesabiki.

Je, ruhusa ya mdomo ya mlinzi inatosha, au niandike barua TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania)? Na lile gome, lipakwe kitu au liachwe?